Pampu Ikinyamaza

Mwamvita alikulia katikati ya cherehani sita. Baba yake alishonea barazani kwao Biryogo, yeye na wenzake watano bega kwa bega, na mtoto aliyekuwa akilazwa chini ya meza ya kukatia vitambaa alizijua sauti za mashine zile kabla hajajua kusema. Ikinyamaza moja, alijua ni ya nani bila kufumbua macho. Hiyo ndiyo elimu aliyokuja nayo Kinyinya, hiyo na darasa la nne.

Katika nyumba ya Jovina, mwajiri wake, palikuwa na mashine moja tu ya kusikiliza, nayo haikushona kitu. Ilikaa kwenye kona ya chumba cha Mzee Tito, baba yake Jovina, ikivuta hewa, ikiichuja, ikiipeleka kwa mrija mwembamba hadi puani mwake. Mapafu ya mzee yalikuwa yamechakaa kwa vumbi la kiwanda cha kahawa huko Bukoba, na daktari alikuwa amesema wazi: mashine isizimwe, ila kwa dakika chache za kuoga. Ilikuwa mashine ya mtumba. Kengele yake ya kuonya ilikuwa imekufa kabla haijavuka mpaka, kwa hiyo masikio ya Mwamvita ndiyo yaliyokuwa kengele.

Na Alhamisi masikio hayo yalikuwa yamemwangusha.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Jovina alisimama ukumbini amevaa buti za mpira, jembe mkononi, hamtazami usoni.

"Nikitoka kwenye kazi nakwenda moja kwa moja kituo cha mabasi cha Nyabugogo kumpokea binti wa shangazi yangu. Nikimfikisha hapa, wewe utakwenda kwenu. Mpaka hapo, kaa mlangoni kwa Baba. Usishike pasi. Usiguse plagi ile."

"Ndiyo, Mama."

"Unasema nini? Sema nisikie."

"Ndiyo, Mama," alirudia, na sauti ikatoka ndogo vile vile.

Plagi ya mashine ilikuwa imezungushwa tepu nyeusi, mizunguko isiyopungua kumi. Jovina aliifunga mwenyewe Alhamisi ile. Alikuwa amerudi mchana bila kutarajiwa, akamkuta Mwamvita sebuleni anapiga pasi mashuka. Ng'ambo ya barabara mashine ya zege ilikuwa inanguruma kama kila siku, maana Kinyinya yote siku hizi ni mchanga, nondo na ghorofa zinazoota. Jovina aliingia chumbani kwa baba yake, akakuta kimya. Mzee alikuwa amelala kinywa wazi, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Aliisukuma plagi, akabonyeza kila kitufe kilichokuwa karibu, mpaka mashine ikaamka.

"Umechomoa hewa ya baba yangu upige pasi!" Jovina alipiga kelele. "Mashuka! Kwa ajili ya mashuka!"

Mwamvita alitaka kusema kwamba pasi ilikuwa kwenye soketi ya sebuleni tangu mwanzo, na kwamba hakuingia chumbani mle tangu saa nne. Maneno yalifika kooni yakakaa pale, kama kawaida yake. Mtu asiyejitetea ameshajihukumu, na Jovina alikuwa na haki ya kuona hivyo.

Lakini palikuwa na jambo jingine lililomfunga ulimi, nalo lilimuuma zaidi. Alhamisi haikuwa mara ya kwanza.

Mara tatu kabla ya hapo aliikuta mashine imezima. Mara zote alichukua rimoti ndogo nyeupe iliyokuwa kitandani, akabonyeza namba tatu, na mashine ikaamka, hfu-tak, hfu-tak, kana kwamba haikutokea kitu. Mara zote rimoti ile ilikuwa chini ya kiganja cha mzee. Mwamvita akajisemea moyoni kwamba mzee anaibonyeza usingizini. Akimwambia Jovina, Jovina atamnyang'anya baba yake rimoti, na rimoti ilikuwa ndicho kitu pekee duniani ambacho mzee yule bado alikiamuru. Akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi kwake kuliko kwa watu wengine.

Rimoti hiyo na visanduku vyake vililetwa na Régis, fundi kijana mwenye maneno mengi. Nyumba ilikuwa ya kupanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, ndiyo maana Régis alipendwa.

"Hakuna waya mpya, Mama," alisema siku ile, akichomeka kisanduku kimoja kwenye soketi ya taa, kingine kwenye soketi ya mashine. "Unachomeka kisanduku ukutani, halafu unachomeka kitu chako kwenye kisanduku. Mzee akibonyeza, amri inapita ndani ya waya huu huu wa umeme uliokwishamo ukutani, mpaka inakikuta kisanduku chenye herufi ya nyumba na namba yake. Ni kama mtu anayedandia basi la mwenzake."

"Bila nauli?" mzee aliuliza kutoka kitandani.

"Bila nauli, Mzee."

"Basi amri hizo zina malezi mabaya."

Walicheka wote, hata Ingrid wa nyumba ya pili, aliyekuja kuangalia na mimba yake ya miezi minane. Yeye naye alivitaka visanduku hivyo, na wote wawili wakavichukua siku moja kwa fundi mmoja ili awapunguzie. Nyumba zao zilikuwa pacha, zimejengwa na mtu mmoja, zinagawana ukuta na nguzo moja ya umeme.

Tangu siku hiyo taa ya sebuleni kwa Jovina ilikuwa na tabia ya kuwaka yenyewe jioni. Mzee alisema ni jini la Kinyinya linatafuta viatu vyake. Jovina alisema ni Mwamvita anasahau.

Saa mbili na nusu mtaa ulinyamaza.

Mwamvita aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha mzee, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Mafundi wa ghorofa hawakuja, maana siku ya umuganda hakuna anayejenga cha kwake. Mashine ya zege ilikuwa imelala. Hata pikipiki hazikupita. Ulikuwa ukimya ambao Kinyinya huupata mara moja kwa mwezi, na ndani ya ukimya huo aliisikia mashine ya mzee vizuri hata akajua kwamba chujio lake linahitaji kusafishwa.

"Mchumba," mzee aliita. Ndivyo alivyomwita, kwa utani wa babu na mjukuu. "Umekaa kama askari wa benki. Benki yenyewe haina kitu."

"Nimeambiwa nikae hapa, Babu."

"Ni kweli unaniacha leo?"

Mwamvita aligeuza macho kuelekea mlango wa jikoni.

"Nilimwambia Jovina si wewe. Hakuniamini. Ananijua. Tangu nilipomwapia kwamba hujanipa sukari, na sukari iko kwenye masharubu." Alikohoa kidogo. "Sina ushahidi wa kuaminika, mimi. Nimeshadanganya sana kwa ajili yako."

Mwamvita alitabasamu kwa shida. Kilichomnyima raha hakikuwa begi nyuma ya mlango tu. Huyo binti wa shangazi angekuja, angewekwa jikoni, na mashine ingezima tena, maana si pasi iliyoizima. Yeye hangejua kwamba lazima asikilize.

Yapata saa nne na nusu maji ya bomba yalikuja. Alijua kwa sababu upande wa pili wa ukuta pampu ya Ingrid ilianza kunguruma ikipandisha maji kwenye tangi. Siku nyingine asingeisikia kwa kelele za zege. Leo ilisikika kama iko chumbani. Ingrid hakwenda umuganda, alikuwa na mtoto wake Cyusa, wa miezi miwili, mgongoni, na mumewe ndiye aliyebeba jembe.

Pampu ilinguruma nusu saa. Mzee alisinzia. Kisha pampu ikanyamaza.

Mashine nayo ikanyamaza.

Mwamvita aliruka kutoka kwenye kigoda. Si kwamba moja ilitangulia na nyingine ikafuata. Zilikatika pamoja, kama mafundi wawili walioinua miguu kwenye pedeli kwa wakati mmoja. Alitazama rimoti. Ilikuwa juu ya kabati, mbali na mkono wa mzee. Hakuna aliyeigusa.

Aliikamata, akabonyeza tatu.

Mashine iliamka. Na ukutani, upande wa pili, pampu ikaanza kunguruma.

Alisimama vile vile, rimoti mkononi, akisikiliza mashine mbili zilizoamshwa na kidole chake kimoja. Kisha akasikia sauti ya Ingrid uani kwake, kali, anaongea peke yake kwa Kinyarwanda: ona hii pampu, imewaka tena, tangi linafurika!

Pampu ilizimwa. Mashine ikazima.

Mwamvita akabonyeza. Zikawaka zote.

Ingrid akazima. Zikazima zote.

"Mama Cyusa," aliita Mwamvita kuelekea dirishani. "Mama Cyusa, usizime." Sauti yake haikuvuka hata pazia. Kwao Biryogo waliambiwa msichana mwenye adabu hasikiki nyumba ya pili, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri wa somo hilo. Akabonyeza tena, pampu ikanguruma, Ingrid akalaani, akazima. Walikuwa wanavutana kamba, wanawake wawili kila mmoja upande wake wa ukuta, na kamba yenyewe ilikuwa pumzi ya mzee.

"Mchumba," alisema mzee. Alikuwa amefumbua macho, lakini macho hayakumkuta. "Mbona kuna giza?"

Hakukuwa na giza. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Midomo yake ilikuwa inaanza kuchukua rangi ile.

Mwamvita alipiga magoti mbele ya soketi. Tepu nyeusi ilikuwa ngumu kama gome. Alijua maana ya kuikata: Jovina angekuta imekatwa, na kuanzia hapo hakuna kinywa kingemsafisha, wala chake wala cha mtu mwingine. Msichana aliyefukuzwa kwa kuchomoa mashine ya mgonjwa, akakutwa amechomoa tena. Habari hiyo ingefika Biryogo kabla yake, ingekaa barazani pale kati ya cherehani sita, mbele ya baba yake.

Alikwenda mbio jikoni, akafungua begi, akatoa mkasi. Ulikuwa mkasi wa baba, wa kukatia khanga, mzito, aliopewa siku ya kuondoka nyumbani. Alirudi, akaingiza ncha chini ya tepu, akakata. Alichomoa plagi kwenye kisanduku. Pembeni palikuwa na soketi tupu, soketi ya ukuta isiyo na kisanduku wala namba. Akaichomeka humo.

Hfu-tak.

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akahesabu pumzi za mzee hadi arobaini. Kwenye ishirini na kitu midomo ilianza kurudi.

Kisha aliinuka, akaichukua taa ya mezani, akaichomeka kwenye kile kisanduku alichokiacha wazi. Hakujua neno hata moja la umeme, lakini alijua namna ya kujaribu mashine: unaiwekea kitambaa kisicho na thamani kabla hujaiwekea cha mteja.

Geti lilifunguliwa akiwa bado ameshika taa. Jovina aliingia na matope kwenye buti. Mkutano wa baada ya kazi ulikuwa haujaisha, alitoroka kupita kumwona baba yake kabla ya kwenda kituo cha mabasi. Alisimama mlangoni. Aliona mkasi sakafuni. Aliona vipande vya tepu.

"Nilijua," alisema taratibu, na utaratibu huo ulitisha kuliko kelele. "Nilipokuwa kule nachimba mtaro, moyo uliniambia, Jovina, rudi. Umekata. Nilikukataza, nikafunga, ukakata."

"Mama—"

"Toka! Chukua begi lako utoke kabla sijaita watu!"

"Jovina, mwanangu, ameniokoa," alisema mzee kwa sauti ya kukwama.

"Wewe nyamaza, Baba! Wewe ungemtetea hata akikunywesha sumu!"

Mwamvita alifungua kinywa. Alimwona Jovina anakuja, mkono umenyooshwa kumshika bega, na akajua kwamba maneno hayatatoka, hata akingojewa mpaka kesho. Akainua rimoti. Akabonyeza tatu.

Taa mkononi mwake ikawaka. Ukutani pampu ikanguruma.

"Mungu wangu, tena!" Sauti ya Ingrid iliruka ukuta, sasa kwa Kiswahili chake cha haraka. "Hii pampu iko na shetani! Mara ya nne leo! Nani anawasha?"

Jovina alisimama, mkono hewani.

Mwamvita akaenda dirishani. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"MAMA CYUSA!" Kunguru waliokuwa kwenye paa waliruka. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo maishani mwake. "ZIMA PAMPU! ZIMA SASA HIVI!"

Pampu ilinyamaza. Taa ikazima.

Mashine ya mzee, kwenye soketi yake tupu, iliendelea: hfu-tak, hfu-tak.

Jovina aliitazama taa. Kisha akaichukua rimoti kwenye mkono wa msichana, akabonyeza mwenyewe, akasikia ukuta ukinguruma na Ingrid akipiga kelele. Akabonyeza kuzima. Akakaa kwenye kitanda cha baba yake na matope yake yote. Alitoa simu.

"Régis? Visanduku vyangu na vya jirani... Ndiyo. Herufi gani? ... Sema tena." Alisikiliza. Uso wake ulikuwa umekauka. "Kumbe uliacha herufi moja na namba zile zile kwa wote wawili, tatu yangu ni hewa ya Baba, tatu yake ni pampu. Ili usibebe rimoti mbili za kujaribia. ... Hapana, usije kesho. Njoo leo. Njoo na miguu yako, sasa."

Alikata simu. Ingrid alikuwa amefika getini na mtoto mgongoni, anauliza kuna nini.

"Alhamisi," alisema Jovina mwishowe. "Ilikuwa pampu."

"Ndiyo, Mama."

"Na kabla ya Alhamisi?"

Hapo ndipo Mwamvita angeweza kunyamaza, na kunyamaza huko kungemwachia ushindi mzima. Alitazama vidole vya miguu yake.

"Mara tatu," alisema. "Niliikuta imezima, nikaiwasha. Nilidhani ni Babu anabonyeza usingizini. Sikusema."

"Mara tatu."

"Ndiyo."

"Baba yangu alikosa hewa mara tatu ndani ya nyumba hii na wewe hukuniambia."

"Sikutaka umnyang'anye rimoti."

Jovina aliinuka. Mwamvita alifumba macho kidogo, akingoja. Alisikia buti zikitoka chumbani, zikienda jikoni, zikirudi. Alipofumbua, Jovina alikuwa ameshika begi, zipu wazi kama alivyoliacha alipotoa mkasi. Hakumpa. Alilitupa kwenye kona ya chumba cha mzee, kando ya mashine.

"Kwa hilo la mara tatu ningekufukuza kuliko la pasi," alisema, na sauti yake haikuwa na huruma bado, ilikuwa na machozi tu. "Utalala humu. Huyo anayekuja atashika jikoni. Na kitu chochote kikinyamaza humu ndani, chochote, upige kelele kama ile. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Sikusikii."

"NDIYO, MAMA!"

"Na mimi nikinyamaza?" aliuliza mzee.

"Hata wewe, Babu."

"Basi nimekwisha. Nimeposa king'ora."

Jovina alitoka kwenda kumweleza Ingrid getini. Mwamvita aliokota vipande vya tepu kimoja kimoja, akauweka mkasi juu ya begi. Ng'ambo ya barabara umuganda ulikuwa umekwisha. Mtu alijaribu mashine ya zege, ikakohoa, ikashika. Ndani ya kelele hizo sauti ya mzee na ya mashine yake zilipotea zote.

Alisogeza kigoda kutoka mlangoni hadi kando ya kitanda. Akaweka kiganja kimoja juu ya mashine aisikie kwa mkono, na kingine juu ya kifua cha mzee.